Wekundu wa Kope na Tarekhe ya Kutafuta Sababu Yake



Leo nataka kukuzungumzia jambo ambalo pengine utaliona dogo, nalo ni wekundu na ukavu wa kope, yaani ile ngozi ifunikayo jicho na iliyolizunguka. Sikusudii kuandika juu ya upofu wala mtoto wa jicho. Hayo yana watu wake. Nakusudia ule ugonjwa wa ngozi tu, unaoanza kwa kuwasha, kisha kope zikawa nyekundu, zikavimba kidogo asubuhi, halafu zikakauka na kuchunika magamba membamba kama ngozi ya kitunguu. Aghalabu hauui mtu. Lakini mimi nimeona ulivyokaribia kuvunja ujirani wa miaka thalathini, na ujirani wenyewe ulikuwa wangu.

Mwaka 2014 nilimuoza binti yangu wa mwisho. Harusi ilikuwa usiku wa kuamkia Jumamosi. Asubuhi yake, baada ya sala ya Alfajiri, kope zikaanza kuniwasha, na ilipofika Adhuhuri zilikuwa nyekundu kama za mtu aliyelia usiku kucha. Watu wakacheka, wakasema, "Maalim kamlilia mwanawe." Nami nikacheka pamoja nao. Lakini ilipopita wiki, na nyengine ikafuata, na wekundu ukageuka ukavu hata nikifumba macho nahisi kama nimebandikwa karatasi, kicheko kiliniisha.

Nikaanza kujiuliza: ni kitu gani kilichotokea usiku ule? Jibu likaja upesi, tena upesi mno. Jirani yetu mmoja, bibi mtu mzima, mjane, alinikuta mlangoni nikipokea wageni, akanitazama, akasema, "Leo Maalim umerudi ujana, macho yanang'ara!" Wala sikumsikia kusema Mashaallah. Basi mimi nikaona nimeshapata. Sikumwambia mtu ila mke wangu, naye akanijibu, "Maalim, hivyo usiseme. Yule ni mtu wa kheri." Kweli sikusema tena, lakini niliacha kupita mlangoni kwake nikienda msikitini, nikawa nashika njia ya nyuma. Muda wa miezi mitano sikumpa salamu kwa khiari yangu, nami ndiye nisomeshaye watoto haki za jirani.

Husda ipo, na asemaye haipo anakhalifu Hadithi zilizo sahihi. Hapo sina mjadala na mtu. Lakini kuwapo kwa husda ni jambo moja, na kumbandika mtu fulani husda kwa kuwa kope zako zinawasha ni jambo jengine, na hili la pili linataka dalili. Dalili yangu mimi ilikuwa moja tu: maneno yake yalitangulia, na wekundu ukafuata.

Nakiacha kisa hiki hapa kwa muda, nitakirejea inshaallah. Kwanza nataka tutazame waliotutangulia walivyolitafuta jambo hili, kwani si jambo la jana.

Katika zama za Makhalifa wa Bani Abbasi walikuwako matabibu ambao kazi yao ilikuwa macho tu. Wakiitwa kahhalin, na jina hilo limetokana na kuhl, yaani wanja, kwa sababu dawa nyingi za macho zilikuwa zikisagwa unga kisha zikatiwa kwa kijiti kama utiwavyo wanja. (Na hapa nikudokeze jambo la ajabu. Neno "alkoholi" walitumialo Wazungu asli yake ni hilo hilo al-kuhl. Kwanza lilikuwa na maana ya unga uliosagwa ukawa laini kabisa, kisha likawa ni kile kitu safi kilichotonwa kutoka katika kitu chengine, na mwisho wake likaishia katika chupa.) Hunayn bin Is-haq, Mnasara wa Hira aliyefariki mwaka 873, aliandika Makala Kumi juu ya Jicho, na ndani yake mna michoro ya jicho iliyo miongoni mwa michoro ya kale kabisa ijulikanayo. Baada yake, kiasi cha mwaka 1000, akaja Ali bin Isa huko huko Baghdad, akaandika Tadhkirat al-Kahhalin, kitabu kilichosomwa karne nyingi Mashariki na Magharibi, na tafsiri yake ya Kilatini ikapigwa chapa Venice mwaka 1497.

Kitabu hicho kinataja maradhi ya macho yapata 130. Amekigawa sehemu tatu: ya kwanza ni umbo la jicho, ya pili ni maradhi yaonekanayo kwa nje, na ya tatu ni yaliyofichika. Katika maradhi ya kope matabibu hao walikuwa na majina ambayo wewe msomaji wa Kiswahili yatakupendeza. Chokea waliiita shaira, punje ya shayiri, kwa umbo lake. Kivimbe kigumu kisichouma waliita barada, chembe ya mvua ya mawe. Na ule wekundu wa ukingo wa kope, unaowasha, ukazifanya kope nene na mwisho zikapukutika nywele, waliuita sulaq. Huo ndio ulio karibu na maradhi tunayoyazungumza.

Moshi, vumbi na jua waliyajua vyema kuwa huliumiza jicho. Lakini sulaq waliitafutia sababu ndani ya mwili: walisema ni majimaji mazito yenye ukali mfano wa chumvi yaliyoteremka hata kope zikala. Walikosea, wala si aibu. Ilimu ya siku zao, waliyoirithi kwa Wayunani, ilikuwa ikiyapima maradhi yote kwa majimaji manne ya mwili. Jambo la kuwashukuru ni kwamba waliyatenganisha maradhi kwa majina na alama, hawakuyachanganya yote wakayaita "macho mekundu" kama tufanyavyo sisi.

Lakini yuko mmoja katika watu wa zama zile aliyeigusa njia nyengine, naye ni Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa aliyefariki kiasi cha mwaka 925. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi alikuwa kila ukifika msimu wa kuchanua mawaridi hupatwa na mafua. Al-Razi akaandika risala kueleza kwa nini Abu Zayd hupatwa na mafua anaponusa waridi. Lizingatie hilo, ndugu yangu. Waridi! Kitu kizuri, chenye harufu tamu, ambacho katika mji mzima hapana mtu angekituhumu. Kitu kimoja, kwa mtu mmoja, kwa wakati ule ule kila mwaka. Na watu wengine wote wakilinusa ua lile lile wasipate neno.

Kutoka hapo mpaka kupatikana njia ya kuyakinisha sababu zilipita karibu miaka elfu moja, nami sitakuchosha nayo.

Mwaka 1895 tabibu wa ngozi aitwaye Josef Jadassohn, aliyekuwa katika mji wa Breslau (wakati huo ni Ujerumani, leo ni Poland na jina lake ni Wrocław), alisimama mbele ya matabibu wenzake waliokutana Graz, Austria, akawaeleza khabari za mgonjwa aliyekuwa akitibiwa kwa marhamu ya zebaki. Ngozi ya mgonjwa ilikuwa imeharibika. Je, ni maradhi yenyewe au ni dawa? Jadassohn alichukua dawa ile akaibandika mahali pengine pa mwili, penye ngozi nzima isiyo na kasoro, akangoja. Ngozi ile nzima nayo ikawa nyekundu.

Mimi nilipolisoma jambo hili nilikumbuka kazi ya kadhi. Kadhi mwema hamhukumu mtu kwa kuwa alionekana karibu na penye fujo, maana penye fujo huwa wapo watu wengi. Jadassohn alimtoa mtuhumiwa katika fujo, akamweka peke yake mahali palipotulia, akangoja aone atafanya nini. Njia hiyo hata leo ndiyo itumiwayo na matabibu wa ngozi: hubandika mgongoni vibandiko vingi vidogo, kila kimoja kina kitu chake, wakaviacha siku mbili, wakavitoa na kutazama, kisha wakatazama tena baada ya siku nyengine kama mbili. Mwaka 1906 tabibu wa Vienna, Clemens von Pirquet, akalibuni neno "aleji", ambalo kwa Kiswahili twasema mzio.

Sasa kwa nini wangoje siku mbili? Hapa ndipo penye fumbo lote, nami nakuomba upasome kwa utulivu. Mzio wa aina hii hauji papo kwa papo kama kuumwa na nyuki. Mwili huchukua muda kukitambua kile kitu na kuwapeleka askari wake, na muda huo ni kiasi cha siku moja mpaka tatu. Mwaka 1942, Karl Landsteiner na Merrill Chase, waliokuwa wakifanya kazi New York, walionyesha kwa kuwajaribu simbilisi kwamba wabebao mzio huu ni chembe hai za mwili, si yale majimaji ya damu. Basi mtu akiwashwa Jumamosi akatafuta sababu ya Ijumaa usiku, atatuhumu kisichokuwa na kosa, kwani mkosa alikuja Alhamisi na akenda zake. Na zaidi ya hayo, mtu aweza kukitumia kitu miaka kumi kisimdhuru, mwaka wa kumi na moja mwili ukakikataa, naye atasema, "Hiki si kigeni kwangu, hakiwezi kuwa ndicho."

Kisha kope yenyewe ina udhaifu wake. Katika mwili mzima hakuna ngozi nyembamba kuliko hiyo, hautimii unene wake milimita 1. Kiganja na utosi vina ngozi nene. Vyaweza kukishika kitu kikali visionyeshe kitu, na kidole kile kile kikapita jichoni. Matabibu wa ngozi wanajua tangu zamani kwamba rangi ya kucha yaweza kumfanya mwanamke awe na kope nyekundu huku vidole vyake havina hata kipele. Mkono ndio ulioshika, kope ndiyo iliyolia. Hivyo ndivyo ilivyo kwa manukato, sabuni, mafuta ya uso, na hata zile dawa za matone na marhamu tunazotia kwa nia ya kujitibu. Wala si kila wekundu ni wa mzio. Yako magonjwa mengine ya ngozi, na yako ya jicho lenyewe. Jicho likiuma kwa ndani, au mwanga ukapungua, au uso ukavimba, usikae nyumbani kusoma makala, nenda kwa tabibu.

Nimesema hauui. Lakini tarekhe ina kisa kimoja kinachonipasa nijirudi. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, ilikuwa ikiuzwa rangi ya kutia weusi nywele za kope, jina lake Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na dawa itokanayo na lami ya makaa ya mawe, iitwayo parafenilinidiamini, ambayo watengenezaji wa rangi za nywele wameitumia tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa. Mwaka 1933 mwanamke mmoja wa Dayton, katika jimbo la Ohio, alitiwa rangi hiyo saluni. Haukupita muda mrefu macho yakaanza kumwaka moto, kope zikavimba zikaoza, na mwisho akapofuka. Wako wengine walioumia, na mmoja akafa.

Ukiuliza serikali yao ilifanya nini, jibu ni kwamba haikuwa na la kufanya. Sheria yao ya mwaka 1906 ilihusu vyakula na madawa, vipodozi havikutajwa. Walichoweza maofisa ni kuzitundika picha za mwanamke yule, kabla na baada, katika maonyesho ambayo watu wa magazeti waliyapa jina la Chumba cha Vitisho. Sheria mpya ilitiwa sahihi mwezi wa Juni mwaka 1938, baada ya watu zaidi ya 100 kufa mwaka uliotangulia kwa dawa moja ya maji iliyotiwa sumu bila kujaribiwa, na rangi hiyo ya kope ikawa miongoni mwa vitu vya mwanzo kabisa kukamatwa. Na sheria hiyo iliagiza kwamba rangi za nywele zenye dawa za namna hiyo ziandikwe onyo: mtumiaji ajijaribu kwanza, wala asizitie kope wala nyusi, maana zaweza kupofua.

Sasa njoo nyumbani kwetu, pwani. Hina tunaijua: ni jani la mti, hukaushwa likatwangwa, na rangi yake ni ya wekundu wa dhahabu mpaka kahawia. Hina haitoi weusi, hata ukiilaza usiku kucha. Basi ukiona hina nyeusi, ama pana jani jengine ndani yake, ama pana dawa ya kiwandani. Na piko inayochorewa maharusi leo mara nyingi ni ule unga wa rangi ya nywele, wenye dawa ile ile ya Marekani. Umoja wa Ulaya hauruhusu dawa hiyo izidi asilimia 2 katika rangi inapotiwa kichwani, na kuichora juu ya ngozi umekataza kabisa. Kwetu huchanganywa kwa kukisia, tena kwa mikono ya mabinti, kisha mabinti hao wakajifuta jasho la uso.

Na wanja pia nisiuache. Mtume wetu (S.A.W.) aliusifu ithmid, na sunna hiyo tunaipenda. Lakini ithmid ni jiwe maalumu, na mengi yauzwayo sokoni kwa jina la wanja au surma ni jiwe jengine lenye risasi, na risasi ni sumu, khasa kwa watoto wachanga. Madaktari wa Uingereza waliandika khabari za watoto waliodhurika kwa surma tangu miaka ya 1960 na 1970. Aliyesifiwa ni yule mwenye sifa, si kila aliyejipa jina lake.

Haya, nirudi kwangu. Baada ya miezi mitano binti yangu mkubwa alinichukua karibu kwa nguvu kwa tabibu wa ngozi, kijana ambaye kwa umri ningeweza kumsomesha Juzuu Amma. Akaniamkia, akanitazama kope, kisha akaanza kuniuliza maswali kama karani. Sabuni gani? Mafuta gani? Nalala juu ya mto wa nini? Nyumbani wanafukiza udi? Nikamjibu yote. Kisha akasema, "Maalim, ilianza Jumamosi. Hiyo Jumatano na Alhamisi ulijipaka nini?"

"Sikujipaka kitu."

"Na ndevu hizi?"

Nikamwambia ni hina na katam, kama ilivyopokewa katika sunna. Nilianza kuitia Alhamisi baada ya Alasiri kwa ajili ya harusi, na tangu hapo naitia kila wiki ya tatu. Hakunijibu. Aliniomba nimletee paketi. Nilipoileta akaigeuza nyuma, akanionyesha maandishi madogo ya kigeni ambayo mimi sikuwa nimeyasoma. Mbele imeandikwa hina. Nyuma limeandikwa lile jina refu nililokutajia. Kidevu kilikuwa kikiniwasha kidogo siku zote hizo, nami nikidhani ni joto na jasho.

Akanibandika vibandiko mgongoni, akanikataza kuutia maji mgongo mpaka amalize, nikawa natawadha kwa hadhari na ghusli ya Ijumaa nikaiacha. Vilipotolewa, mahali pengine pote palikuwa safi. Kibandiko kimoja tu chini yake palikuwa pekundu, pamevimba, panawasha. Nilipomwambia kwamba jambo hili hata mimi ningejijaribu nyumbani kwa unga wenyewe, akanikanya sana, akasema wako waliojiunguza ngozi kwa kufanya hivyo. Vibandiko vya hospitali vimepimwa. Akaniambia pia kuwa mzio huu ukishaingia hautoki, nisiguse rangi ile maisha yangu.

Niliacha rangi, nikaacha na surma niliyokuwa nikiizidisha kwa kutaka kupona. Ulipopita mwezi kope zilikuwa zimerudi hali yake. Ndevu zangu leo ni nyeupe.

Jioni ile ile niliyopata jawabu ya vibandiko nilikwenda msikitini kwa njia ya mbele. Nikabisha hodi kwa yule bibi. Nilimkuta ameketi na mguu ameunyosha juu ya kigoda. Kumbe alianguka msalani mwezi uliopita, na mtaa mzima ulikuwa umekwenda kumtazama isipokuwa mimi. Nikamweleza yote, sikumficha neno, hata lile nililomdhania. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mashaallah nilisema, Maalim," akanambia. "Wewe ulikuwa umeshageuka kuwapokea wale wageni wa Lamu."

Kisha akaniuliza kama macho yamepona.